Uzito Uliorudi Wakati wa Eda

Siku ya kuniaga mlininunulia keki. Afisa wa lishe anastaafu, nanyi mwamletea keki yenye sukari ya kumtosha mtu wiki nzima, na mimi nikala vipande viwili mbele yenu bila haya. Mmoja wenu akaniuliza, kati ya wagonjwa wote niliowahudumia, ni yupi aliyenifunza zaidi. Sikumjibu kwa kuwa mdomo ulikuwa umejaa. Sasa niko nyumbani kwangu Kibarani, asubuhi ni ndefu na hakuna anayenisubiri kwenye benchi, kwa hiyo nimekaa kumjibu. Vyeo na mishahara sitaandika habari zake. Viko kwenye faili, na faili lina vumbi lake.

Nilianza kazi katika zahanati ndogo huko bara ya Kilifi, nikiwa na cheti kipya na viatu vilivyonibana. Siku ya kwanza nilikabidhiwa mizani ya kuning'inia, ile yenye uso kama wa saa na ndoano chini yake, ambayo mtoto huvishwa kisuruali cha turubai kisha akatundikwa akipiga mateke. Aliyenikabidhi alikuwa Sista Muthoni, nesi kutoka milimani aliyeletwa pwani kwa miezi sita akakaa mpaka nywele zikawa nyeupe. Alikuwa mkali kwa watu wazima na laini kwa watoto, na sisi wafanyakazi alituhesabu miongoni mwa watu wazima hata tulipokuwa na miaka ishirini na miwili.

Sista Muthoni alinifundisha kurudisha mshale kwenye sufuri kabla ya kila mtoto. Alinifundisha pia kusoma uzito kwa sauti. Karani alikaa meza ya mbali na asingeweza kuona, lakini hiyo haikuwa sababu yake kubwa. Alitaka mama asikie mbele ya wenzake kwamba mwanawe ameongezeka. "Kilo saba na nusu!" nilipaza sauti, na benchi zima likapiga vigelegele. Nilimwona mama mmoja aliyetoka kwao kabla ya jua, mwanawe alikuwa amekonda hata ngozi ikawa imelegea, na siku niliposoma kwamba amefikisha kilo sita alinishika mkono akashindwa kuuachia. Nikaamini kwamba kusoma kwa sauti ni zawadi. Niliibeba zawadi hiyo miaka mingi bila kuigeuza nikaitazama upande wa pili.

Nilipohamishiwa hospitali moja ya Malindi, kazi iligeuka. Kule bara shida ilikuwa kilo zisizokuja, mjini ikawa kilo zisizoondoka. Nilipewa chumba chenye dirisha moja, mizani ya kusimama iliyowekwa kwenye ujia karibu na benchi kwa sababu chumbani haikutosha, tepu ya kupimia kiuno, na sanduku la vyakula vya plastiki vya kufundishia. Humo mlikuwa na samaki ambaye panya alishamtafuna mkia, na wali uliogeuka rangi ya chai. Nilifundishia hivyo hivyo. Wagonjwa wangu walikuwa wa sukari, wa presha, wa magoti, na baadaye wakaanza kuja wachache waliofanyiwa upasuaji Mombasa wa kukata sehemu kubwa ya tumbo la chakula, likabaki jembamba kama ndizi. Daktari wa Mombasa akishamaliza kukata, anayebaki na mgonjwa na sahani yake ni sisi.

Bi Zuhura wa mtaa wa Barani alikuwa mmoja wao. Alikuwa mshonaji wa mapazia, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mcheshi, na sukari ilikuwa imemshika vibaya. Kabla ya upasuaji alikuwa na kilo mia moja thelathini na moja. Miaka miwili baadaye alikuwa na themanini na nne, dawa za sukari zimeondolewa, na anapanda ngazi za hospitali akizungumza. Alikuja kila mwezi na mumewe, Bwana Athumani, ambaye hakuingia ndani. Alikaa kwenye kiti cha nje ya mlango, mkoba wa mkewe mapajani, akiwa ameushika kwa mikono miwili kama amepewa mtoto wa watu. Bi Zuhura aliniambia kwamba nyumbani mumewe ndiye amtoleaye miiba ya samaki, kisha humwambia, "Tafuna, Zuhura, tafuna, hakuna anayetufukuza."

Halafu akakosa mwezi mmoja, na mwingine, na mwingine. Sikupiga simu. Nilikuwa na foleni, na foleni ni kisingizio kizuri kwa kuwa ni cha kweli. Alipokosa miezi mitano, wa sita akaja peke yake. Alipanda kwenye mizani polepole, mimi nikatazama namba, na mdomo wangu ukafanya kama ulivyozoea.

"Kilo mia moja na nane!" nilimsomea karani. Kisha, kwa ile sauti yangu ya utani, "Bi Zuhura! Umekula nini?"

Kwenye benchi mtu akacheka. Si kicheko kibaya, cha kawaida tu, cha watu waliochoka kungoja. Bi Zuhura alishuka, akavaa viatu vyake, akasema, "Narudi sasa hivi." Kama ningetazama nje ya mlango ningeona kile kiti hakina mtu. Sikutazama. Nilimwita anayefuata.

Hakurudi kwa mwaka na miezi miwili.

Aliyekuja ni mdogo wake, Fatma, aliyesimama mlangoni akiwa na buibui lake na uso wa mtu aliyetumwa na nafsi yake mwenyewe. "Shikamoo, Bi Dama. Dada hajui kama n'mekuja." Akanieleza kwamba sukari imerudi, miguu yamfa ganzi, na kwenye kidole cha mguu wa kushoto pana kidonda ambacho wiki ya saba hakijafunga. Alikwenda kwa daktari wa sukari mara moja, akaambiwa hali ikiendelea hivi ataanza sindano, na kidole kile hakuna wa kukiwekea dhamana.

"Mlete basi," nikamwambia.

"Haji. Aogopa mguu kukatwa, lakini hili benchi lenu aogopa zaidi." Akaniangalia. "Siku ile ulipomsomea ilikuwa wiki ya pili tangu atoke eda."

Mimi ni Mgiriama na ni Mkristo, lakini nimekaa na Waislamu maisha yangu yote, eda naijua. Mke akifiwa na mumewe hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Nilihesabu ile miezi aliyokosa, hapo hapo, vidole vikiwa chini ya meza, na hesabu ikakubali. Bwana Athumani alikuwa amefariki, mimi nikamuuliza mjane wake mbele ya watu amekula nini.

Kesho yake nilikwenda Barani. Niliacha mizani, niliacha kadi, niliacha koti jeupe. Nilipopiga hodi aliitikia "Karibu" kabla ya kujua ni nani, na aliponijua hakuirudisha. Nilikaa mkekani. Ukutani pembeni palikuwa na sinia tatu zimefunikwa kawa, kila moja ya jirani wake.

"Bi Zuhura, nimekuja kuomba radhi. Nilikuaibisha, na sikujua kwamba umefiwa."

"Hukuuliza," akasema.

"Sikuuliza."

Akaisogeza sinia moja kando. Halafu akasema, "Basi waniuliza sasa?"

Nikamwambia ndiyo, na hapo ndipo nilipopata lile somo ambalo mmoja wenu aliulizia wakati wa keki. Nitaliandika kama alivyolisema.

"Siku za mwanzo nalikuwa sili kitu. Watu wakaja na sinia zao, wakakaa nami. Nikaona, nikila, nao hula, na maneno yaja, hata kicheko chaja. Nikisema nimeshiba, wao huosha mikono. 'Haya, Bi Zuhura, twakuacha upumzike.' Nipumzike, dada Dama! Nyumba hii, na kitanda kile? Basi nikawa sishibi. Kila anayekuja, nikala naye. Ilimradi kijiko chenda mdomoni, mtu haondoki."

"Na tumbo lako lilivyo dogo, likakubali?"

"Si sinia zima. Kijiko cha uji. Kaimati moja. Tambi kidogo, chai kidogo. Nikangoja, kijiko tena. Kuanzia adhuhuri mpaka magharibi natafuna, na mbele ya watu naonekana nala kama ndege."

Nyinyi mnaobaki kwenye chumba kile, hapa tulieni kidogo. Tumbo lililokatwa humzuia mtu kula sahani kubwa ya nyama na wali kwa mara moja. Halimzuii kula vitu laini na vitamu siku kutwa, maana hivyo huteleza vikapita kabla tumbo halijajaa. Uji wa sukari, tambi, kaimati, juisi ya embe, chai ya maziwa: mtu anaweza kula hivyo kuanzia asubuhi na asihisi shibe hata mara moja. Uzito kurudi baada ya miaka miwili mitatu ni jambo linalotokea kwa wengi. Si dhambi, wala si kwamba upasuaji umeharibika. Mgonjwa akija hivyo, swali la kwanza lisiwe amekula nini. Muulizeni nini kimetokea nyumbani.

Nililia pale mkekani. Bi Zuhura akanipa upindo wa leso yake, akasema, "Sasa nani mgonjwa?" Tukacheka sote wawili, na ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu mumewe alipokuwa hai.

Alirudi kliniki juma lililofuata. Nilikuwa nimeiburuta mizani ile hadi chumbani kwangu, nikatoa kabati ili itoshe, na daftari zangu zikahamia dirishani ambako mvua ilizinyeshea msimu mzima. Nilimpima mlango ukiwa umefungwa, na uzito nikauandika mwenyewe kwenye kadi. Tulimrudisha Mombasa kwanza, daktari aliyemkata akatazama tumbo akasema liko vile vile alivyoliacha, hakuna haja ya kisu tena. Vipimo vya damu vikaonyesha upungufu, kwa kuwa tembe zake za vitamini aliziacha siku alipofiwa, nazo ni tembe za maisha. Nesi wa vidonda akashika kile kidole. Daktari wa sukari akatupa miezi mitatu. Sukari isiposhuka kwa miezi hiyo, sindano zianze, na kidonda kisipofunga, atazungumza na madaktari wa upasuaji. Bi Zuhura aliyasikia hayo yote akiwa ameukunja mguu wa kushoto chini ya kiti, kama kwamba ukifichwa hautajadiliwa.

Tulianza na yale yale ya mwanzo. Kisahani cha chai badala ya sahani. Kijiko kidogo. Samaki kwanza, au yai, au mbaazi zisizozama kwenye tui zito, kisha mboga, na wali uje mwisho kama nafasi ipo. Maji yanywewe mbali na chakula, nusu saa kabla au baada. Chai bila sukari, ambayo aliinywa siku ya kwanza kwa uso wa mtu anayeapishwa. Asubuhi alitembea na Fatma hadi barabara kuu na kurudi, kwa viatu vya kufunika vidole.

Na hapo nikafanya kosa la pili. Niliwaita majirani zake wanne, nikawaambia kwa adabu zote kwamba wasimletee chakula. Walinisikiliza. Walisema, "Sawa, Bi Dama." Na hawakuja tena. Mtu wa Barani haingii nyumba ya mjane mikono mitupu, na mimi nilikuwa nimewakataza cha mikononi. Wiki mbili baadaye uzito ulikuwa umepanda. Bi Zuhura aliniambia bila kuzunguka kwamba hununua biskuti, akala amesimama jikoni, redio ikiwa imefunguliwa ili pawe na sauti ya mtu. Mwezi mmoja wa ile mitatu ulikuwa umekwenda.

Nilirudi nyumbani nikawaza kumpigia Sista Muthoni, lakini Sista Muthoni alikwishazikwa kwao. Nikamwomba Fatma aje, tukakaa watatu, na mara hii nilinyamaza nikaacha wao waseme.

"Mimi nataka watu," akasema Bi Zuhura. "Sinia sikuitaka tangu zamani."

Fatma akafikiri. "Mama alikuwa akiketi na watu alasiri zote na hapakuwa na chakula."

"Walikuwa wakisuka ukili," Bi Zuhura akamjibu, na wakatazamana.

Ukili ni ule mkanda wa miyaa, majani makavu yaliyochanwa, unaosukwa kisha ukashonwa kuwa mkeka. Majirani hawakuhitaji kufundishwa, mikono yao ilijua tangu utotoni hata kama miaka ilikuwa imepita. Fatma alipita nyumba kwa nyumba akiwaomba waje wamsaidie dada yake, kuna miyaa mingi na mkeka wa msikiti wataka kushonwa. Hapo wakapata cha mikononi. Na faida yake, ambayo hakuna kitabu changu kimoja kilichoiandika, ni kwamba ukili hausukwi na mikono yenye mafuta. Mtu akishika kaimati, miyaa yateleza na mkanda wachafuka, na wenziwe wamgombeza. Kwa hiyo kuanzia alasiri hadi magharibi chumba kizima hakikugusa chakula, wala hakuna aliyeona amenyimwa. Walipiga soga, walisengenya kidogo, walimtaja marehemu Athumani kwa jina, jambo ambalo wakati wa sinia walikuwa wakiliogopa. Nilikwenda mara mbili tatu kutazama. Walinipa miyaa nami, nikasuka mkanda uliopinda, Bi Zuhura akaufumua wote na kunirudishia bila neno.

Miezi mitatu ilipotimia tulikaa sote kwa daktari wa sukari. Kilo saba tu zilikuwa zimeondoka. Nasema tu, lakini ninyi mnajua kilo saba ni kazi gani. Sukari ilikuwa imeshuka vya kutosha abaki na vidonge, na kidonda kilikuwa kimefunga, kimebaki na ngozi changa ya waridi. Daktari akasema sindano tuziache kwanza. Bi Zuhura aliutoa ule mguu chini ya kiti, akautazama yeye mwenyewe, kisha akamwonyesha Fatma, kisha mimi, ingawa sote tulikuwa tumeshauona.

Tangu hapo hakukosa hata mwezi mmoja. Kilo zilishuka taratibu, mwezi mwingine zikasimama, Ramadhani moja zikapanda mbili na mwezi uliofuata wa Shawwal zikashuka. Hakufikia tena themanini na nne, wala hatukumtaka afike. Tulitaka asiiache njia.

Sasa siku yangu ya mwisho, kabla ya keki yenu. Bi Zuhura alikuwa na miadi saa tatu. Ikafika saa nne, saa tano. Nilipiga simu yake, imezimwa. Ninyi mliniona natoka na kuingia, mkadhani nahuzunikia kustaafu. Mimi nilikuwa nahesabu. Mara ya kwanza alipokosa, nilisema ni foleni, nikapoteza mwaka na zaidi, nusura na kidole cha mtu. Baada ya ninyi kunikumbatia na kunipiga picha, sikwenda nyumbani. Nilipanda bodaboda hadi Barani.

Mlango wake ulikuwa umefungwa. Nikapiga hodi mara tatu. Jirani aliyekuwa akianika nguo akanionyesha kwa kidevu nyumba ya nne kutoka hapo. Kijana wa nyumba ile alikuwa amezama baharini siku tatu zilizopita, akaacha mke, Mwanajuma, msichana wa miaka ishirini na tano hivi.

Niliingia bila kelele. Wanawake walikuwa wameketi kuzunguka chumba, na sinia zilikuwa zimepangwa, kawa juu yake, nyingi kama nilivyotarajia. Mwanajuma alikuwa kwenye godoro, macho yamemvimba, na mbele yake pana sahani ya tambi. Pembeni yake Bi Zuhura, simu haina chaji, miadi ameisahau, mkono wa yule msichana umo ndani ya mikono yake.

Mwanajuma alichota kijiko, hakukipeleka mdomoni mwake. Alimnyooshea Bi Zuhura. Aliomba kwa sauti ndogo, ya haraka, "Kula nami, mama. Kula kidogo tu, nakuomba." Nami niliyekuwa nimesimama mlangoni nilijua anachoomba, na Bi Zuhura alijua kuliko mimi.

Alikishika kijiko kile pamoja na mkono uliokishika, akakigeuza polepole kikamwelekea msichana mwenyewe.

"Kula wewe, mwanangu," akasema. "Mimi hata nisipokula, siondoki."

Nikavua viatu vyangu, nikatafuta pa kukaa.